Si Mama Teresa: Mary Ward, mwanzilishi ambaye masista wa Loreto walikatazwa kumtaja

Katika kipindi chetu cha asubuhi tuliwahi kusema hewani kwamba shule za Loreto zilianzishwa na Mama Teresa wa Kalkuta. Tulikosea. Wimbo uliofuata haukuwa umefika katikati na simu ya studio ilikuwa inalia. Aliyepiga alikuwa mama mstaafu aliyesoma Limuru zamani. Alianza kwa kutuita wanangu, na kila mtangazaji anajua kwamba msikilizaji akikuita mwanangu, karipio liko njiani. Alituambia kwamba Mama Teresa alikuwa sista wa Loreto kama masista wengine, kwamba mwanzilishi ni Mary Ward, na kwamba kabla ya kufungua kipaza sauti tungefungua kitabu kwanza.

Tumefungua. Makala hii ni deni letu kwa mama huyo na kwa wasikilizaji wengine waliotuandikia baadaye kuuliza Mary Ward ni nani hasa.

Kosa letu lina chanzo chake. Mama Teresa aliingia kwa masista wa Loreto mwaka 1928, akapokelewa katika nyumba yao ya Rathfarnham, nje kidogo ya Dublin nchini Ireland, kisha akapelekwa India. Alifundisha Kalkuta kwa muda wa karibu miaka 20, akaondoka mwaka 1948 kwenda kuishi na maskini na kuanzisha shirika lake, Wamisionari wa Upendo. Ni sista wa Loreto anayejulikana kuliko wote. Lakini iko sababu nyingine, nzito zaidi, ya Mary Ward kutojulikana. Kwa muda wa miaka 160, masista wake walikatazwa na Kanisa lao wenyewe kumtaja kama mwanzilishi.

Nyumba zenye maficho

Mary Ward alizaliwa tarehe 23 Januari 1585 huko Mulwith, karibu na mji wa Ripon, katika jimbo la Yorkshire kaskazini mwa Uingereza. Familia yake ilikuwa na mashamba na jina, na ilikuwa ya Kikatoliki. Wakati huo mambo hayo mawili hayakukaa pamoja kwa urahisi. Malkia Elizabeth I alikuwa kichwa cha Kanisa la Uingereza, na asiyehudhuria ibada za Kanisa hilo alitozwa faini. Kuanzia mwaka 1581 faini hiyo ilifika pauni 20 kwa mwezi, fedha za kumfilisi hata tajiri. Padre akikamatwa aliweza kunyongwa. Aliyemficha padre aliweza kuuawa pia: mwaka 1586, Mary akiwa mtoto wa mwaka mmoja, Margaret Clitherow, mke wa mchinja nyama wa mji wa York, alilaliwa kwa mlango na mawe juu yake mpaka akafa. Alikuwa amekataa kujibu mashtaka ya kuwahifadhi mapadre.

Hayo ndiyo mazingira ya utoto wake. Bibi yake, Ursula Wright, aliyemlea kwa miaka kadhaa, alikuwa amekaa gerezani muda mrefu kwa ajili ya imani. Wajomba zake wawili, John na Christopher Wright, walikuwa miongoni mwa watu waliopanga kulipua Bunge la London kwa baruti mwezi Novemba 1605, na wote wawili waliuawa siku chache baada ya njama hiyo kugunduliwa. Mary alichagua njia nyingine kabisa ya kuisaidia imani ya kwao, ingawa na yenyewe ilikuwa na hatari zake.

Tunataka kugusia jambo moja hapa, maana ndilo mzizi wa mengine. Katika nyumba hizo za Wakatoliki waliojificha, wanawake ndio walioshika kazi. Waume walikuwa na mali ya kupoteza, kwa hiyo wengi walionekana kwenye ibada ya serikali kwa ajili ya usalama. Wake zao walibaki nyumbani, wakawafundisha watoto katekisimu, wakapanga mahali pa Misa, wakamficha padre nyuma ya ukuta wa mbao. Mary alipokuwa na miaka 15, katika nyumba ya jamaa zake huko Osgodby, mtumishi wa nyumba aitwaye Margaret Garrett alikuwa akishona naye na kumsimulia habari za monasteri za zamani, zilizokuwa zimefungwa na wafalme. Katika kushona huko ndiko alikoamua kuwa mtawa. Uingereza haikuwa na utawa tena, basi ilimlazimu avuke bahari.

Ndani ya ugo au nje

Mwaka 1606, akiwa na miaka 21, alifika Saint-Omer, mji ulio leo Ufaransa lakini wakati huo ukiwa chini ya mfalme wa Hispania. Aliingia kwa masista Waklara, akawekwa miongoni mwa wale wanaotembea mjini wakiombaomba chakula cha monasteri. Hakukaa huko. Alisaidia kuanzisha monasteri ya Waklara kwa ajili ya Waingereza wenzake, akavaa joho, akaanza kuizoea, kisha akaondoka huko nako mwaka 1609. Jamaa na wakurugenzi wake wa kiroho walishangaa. Msichana aliyetafuta utawa kwa machozi ameupata, na sasa anauacha?

Alirudi London kwa muda. Mwaka huohuo, akiwa mbele ya kioo akitengeneza nywele, alipata tukio la kiroho ambalo wafuasi wake hulikumbuka mpaka leo: alielewa kwamba njia ya ndani ya ugo haikuwa yake, na kwamba iko nyingine itakayompa Mungu utukufu zaidi. Njia gani, hakujua bado. Tunakiri kwamba tunaipenda picha hiyo kwa sababu haina altare wala mishumaa. Ni mwanamke na kitana chake.

Msomaji wa leo anaweza asione tatizo liko wapi. Sista tunamwona sokoni, hospitalini, darasani, kwenye matatu. Lakini Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, uliagiza watawa wa kike wakae ndani ya ugo, na Papa Pio V alikaza agizo hilo mwaka 1566. Mtawa wa kike alikuwa mtu wa ndani ya ukuta, chini ya askofu wa mahali. Kama alifundisha wasichana, wasichana walimfuata huko huko. Mwanamke asiye na mume na asiye nyuma ya ukuta hakuwa na mahali katika mpango huo.

Mary alikusanya wenzake wachache, wote Waingereza, wote wasichana wa familia za namna ya kwao, na kuanzia mwaka 1610 hivi wakafungua shule Saint-Omer. Walipokea mabinti wa Wakatoliki waliotoroshwa kutoka Uingereza, na wakafundisha bila malipo mabinti wa mji huo. Mwaka 1611, baada ya ugonjwa mkali, alipata jibu alilolisubiri: wachukue mtindo wa Wajesuiti. Hakusudii kuwaiga kwa sala tu. Alitaka muundo wao mzima: bila ugo, bila wajibu wa kuimba zaburi pamoja kwa saa maalum, na chini ya mkuu mmoja wa shirika lote, mwanamke, anayewajibika kwa Papa moja kwa moja badala ya kila askofu. Hivyo sista angeweza kutumwa kesho Liège na keshokutwa London, kama padre Mjesuiti alivyotumwa.

Wajesuiti wenyewe hawakufurahi. Mwanzilishi wao, Inyasi wa Loyola, alikuwa ameamua kwamba hawatakuwa na tawi la wanawake. Baadhi yao walimsaidia Mary kama watu binafsi. Wengine walitamani asilitaje jina lao kabisa.

Mwaka 1617 Mjesuiti mmoja huko Saint-Omer alisifiwa mbele yake bidii ya masista hao wapya. Akajibu kwamba ni kweli, lakini bidii hiyo itapoa kwa muda, maana mwisho wa yote ni wanawake tu. Maneno hayo yalifika nyumbani. Mary aliwakusanya masista akawapa mfululizo wa mazungumzo ambayo yaliandikwa na yamehifadhiwa. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii: bidii haitoki katika kuwa mwanamume au mwanamke, inatoka kwa Mungu, kama itapoa, itapoa kwa sababu sisi si wakamilifu, si kwa sababu sisi ni wanawake, na wakati unakuja ambapo wanawake watafanya makubwa. Aliyasema hayo miaka zaidi ya 400 iliyopita. Tumejaribu kuyasoma kwa sauti studioni, na mwenzetu wa mitambo, ambaye si mtu wa kusifu, akauliza kama ni hotuba ya Siku ya Wanawake.

Kwa miguu hadi Roma

Shirika lilikua haraka. Nyumba zilifunguliwa Liège, Köln na Trier. Nchini Uingereza masista waliishi kwa siri, wakivaa kama wanawake wa kawaida, wakifundisha watoto wa maskini na kuwatayarisha watu kwa sakramenti. Mary mwenyewe aliingia na kutoka London mara kadhaa akitafutwa na serikali. Inasimuliwa kwamba siku moja alikwenda hadi kwenye jumba la Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekuwa amemtamkia vitisho, na alipokosa kumkuta akachora jina lake kwenye kioo cha dirisha kwa almasi ya pete, ili ajue kwamba alipita.

Mwezi Oktoba 1621 aliondoka na wenzake kwenda Roma kuomba idhini. Walitembea kwa miguu, Ulaya ikiwa katika vita vya miaka 30, wakavuka milima ya Alpi majira ya baridi yakiingia, na wakafika tarehe 24 Desemba, mkesha wa Noeli. Njiani alipitia Loreto, mji wa Italia wenye madhabahu ya Bikira Maria ambayo mahujaji huiheshimu kama nyumba ya Nazareti, akasali. Jina hilo la Loreto litarudi mbele.

Papa Gregori XV alimpokea vizuri. Lakini barua zilikuwa zimetangulia. Baadhi ya mapadre wa jimbo wa Uingereza, waliokuwa na ugomvi wao na Wajesuiti, walikuwa wameandika mashtaka dhidi ya wanawake hawa. Waliwaita Wajesuiti wa kike, na waliwaita wasichana wa kurandaranda. Waliwalaumu kwa kusafiri, kwa kuzungumza mambo ya dini mbele ya wanaume, na kwa kuwafundisha wasichana kuigiza michezo ya kuigiza. Sehemu kubwa ya hayo yalikuwa kweli. Walisafiri. Walizungumza. Waliwafundisha wasichana Kilatini, ambayo wakati huo ilikuwa lugha ya wanaume wasomi, na Mary aliandika kumpongeza sista mmoja wa Munich kwa maendeleo ya wanafunzi wake katika lugha hiyo. Kilichobishaniwa ni kama mambo hayo ni dhambi.

Ili makardinali waone kazi yenyewe, Mary alifungua shule Roma mwaka 1622, bure kwa wasichana wa mji. Zikafuata Napoli na Perugia. Papa mpya, Urbano VIII, hakuwa adui, ila hakukubali kitu kimoja: ugo. Mary naye hakukubali kitu kimoja: ugo. Shule ya Roma ilifungwa mwaka 1625. Akaenda kaskazini, ambako Maximilian, mtawala wa Bavaria, alimpa nyumba mjini Munich mwaka 1627, na shule nyingine zikafunguliwa Vienna na Pressburg, mji unaoitwa leo Bratislava.

Barua za maji ya limau

Kisha mlango ukafungwa. Maagizo ya kuvunja nyumba moja moja yalianza kutolewa kimyakimya, yakipitia kwa mabalozi wa Papa, bila Mary kupewa hati yoyote. Mwezi Aprili 1630 aliwaandikia masista wake kwamba wasiyatii, kwa kuwa aliamini yametolewa bila Papa kujua. Hilo lilikuwa kosa la hesabu. Papa alijua. Barua yake ikawa ushahidi dhidi yake.

Tarehe 13 Januari 1631 Papa Urbano alitia sahihi hati ya kulivunja shirika lote. Ni hati kali. Inawaelezea masista kama mimea yenye sumu inayopaswa kung'olewa na mizizi yake, na inasema walijitwalia kazi zisizofaa udhaifu wa jinsia yao. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Februari, mkuu wa kanisa la Bikira Maria mjini Munich alikwenda kumkamata Mary kama mzushi, mleta mfarakano na mwasi dhidi ya Kanisa Takatifu. Alifungiwa katika monasteri ya Waklara iitwayo Anger, katika chumba kidogo kilichokuwa kimetumiwa na wagonjwa mahututi. Angalia mzunguko wa mambo: aliacha Waklara kwa hiari, akarudishwa kwa Waklara kwa nguvu.

Hapa kuna sehemu ambayo watoto wanaosikiliza kipindi chetu cha Jumamosi waliipenda kuliko zote. Mary aliruhusiwa kuletewa chakula na nguo safi kutoka nyumbani, na vitu hivyo vilifungwa kwa karatasi. Alipata limau. Kwenye karatasi za kufungia, aliandika kwa maji ya limau, ambayo yakikauka hayaonekani. Masista walioko nje walizipokea karatasi hizo kama takataka, wakazisogeza karibu na moto, na maandishi yakatokea yakiwa ya kahawia. Wakajibu kwa njia hiyohiyo. Kwa barua hizo aliendelea kuongoza shirika ambalo kisheria halipo tena: akawaeleza nani wamwandikie, nani wa kumwamini, na hata akawatania. Baadhi ya barua hizo zipo mpaka leo.

Gerezani aliugua hadi ikadhaniwa anakufa. Aliomba sakramenti za mwisho. Akaambiwa atapewa akitia sahihi karatasi yenye maneno kwamba kama aliwahi kusema au kutenda lolote kinyume cha imani, anatubu. Alikataa. Alieleza kwamba kutia sahihi kungekuwa kukiri kosa ambalo hakulifanya, na kungewachafua wenzake wasio na hatia. Aliandika tamko lake mwenyewe la utii kwa Kanisa, akalitia sahihi hilo. Kwa mwumini wa karne ile kukabili kifo bila sakramenti halikuwa jambo dogo, na kwa maoni yetu hapa ndipo mtu anamwona Mary Ward alivyo. Alipenda Kanisa lililomfunga, na hakukubali kulidanganya hata kwa faida yake.

Hakufa. Aliachiliwa mwezi Aprili, akaenda Roma, akamweleza Papa ana kwa ana kwamba yeye si mzushi wala hajawahi kuwa. Papa alikubali. Shirika, hata hivyo, halikurudishwa. Masista wengi walitawanyika. Wachache walibaki pamoja kama wanawake wa kawaida waliokubaliwa kuishi nyumba moja.

Mwaka 1639 alifika London, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642 akahamia Yorkshire alikotoka. Alifariki Heworth, karibu na York, tarehe 30 Januari 1645. (Jiwe la kaburi linasema 20 Januari kwa sababu Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 10.) Kumpata mchungaji wa kukubali kumzika mwanamke Mkatoliki haikuwa rahisi. Wenzake walimpata mmoja katika kijiji cha Osbaldwick, ambaye, waliandika kwa utani, alikuwa mwaminifu kiasi cha kuweza kuhongwa. Jiwe hilo liko ndani ya kanisa la kijiji hicho hadi leo, nalo halitaji shirika lolote. Linasema tu kwamba lengo lake lilikuwa kuwapenda maskini na kudumu katika hilo.

Masista bila mama

Waliobaki hawakuacha kufundisha. Munich waliendelea chini ya ulinzi wa watawala wa Bavaria, wakiitwa na wenyeji mabinti wa Kiingereza. Mwaka 1686 sista Frances Bedingfield alifungua nyumba mjini York, nje ya lango la mji liitwalo Micklegate, na nyumba hiyo, Bar Convent, ndiyo nyumba ya watawa ya kale zaidi inayoendelea kuishi watawa nchini Uingereza. Kanisa lake dogo, lililojengwa karne ya 18, lina kuba iliyofichwa chini ya paa la kawaida ili mpita njia asijue kuna nini ndani.

Mwaka 1703 Papa Klementi XI alizikubali kanuni zao 81. Mwaka 1749 Papa Benedikto XIV, akiamua ugomvi kati yao na askofu wa Augsburg, aliwaruhusu kuwa na mkuu wao mwanamke. Hilo lilikuwa jambo kubwa: ni kile hasa alichokitaka Mary. Lakini hati hiyohiyo iliwakataza kumtambua Mary Ward kama mwanzilishi. Walipewa nyumba kwa sharti la kumkana aliyeijenga.

Kumbukumbu ikahamia mahali ambapo sheria haifiki kirahisi. Huko Augsburg kulikuwa na picha 50 zilizochorwa katika karne ya 17, zikionyesha maisha yake hatua kwa hatua. Picha zipo hata sasa. Kwingine barua zilifichwa, nyingine ziliharibiwa kwa hofu. Sista Catherine Chambers wa York alipoandika maisha yake katika mabuku mawili, yaliyotoka mwaka 1882 na 1885, kazi hiyo ilisaidia kufungua tena suala hilo Roma. Mwaka 1909 Papa Pio X aliondoa katazo, na Mary Ward akatambuliwa rasmi kama mwanzilishi, miaka 264 baada ya kufa.

Dublin, kisha Nairobi

Wakati katazo likiendelea, msichana wa Dublin aitwaye Frances Ball alikuwa amesoma Bar Convent. Alirudi York mwaka 1814 kuwa mtawa, na mwaka 1821 akarudi kwao Ireland kuanzisha tawi. Nyumba yake ya Rathfarnham aliipa jina Loreto, kwa heshima ya madhabahu ile ya Italia, na jina hilo likawashika masista wote waliotoka hapo: India mwaka 1841, Toronto nchini Kanada mwaka 1847, na kwingine. Kwa hiyo Mama Teresa, tuliyemtaja kwa makosa, ni mjukuu wa mbali wa shule ya siri ya York.

Nairobi walifika mwaka 1921. Shule ya Msongari ilianzishwa kwa ajili ya wasichana wa Kizungu, kwa kuwa elimu ya ukoloni ilipangwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mwaka 1936 masista walifungua Limuru, kwenye vilima vya chai, kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika. Hatuwezi kuandika haya na kujifanya hatuoni. Shirika lililoteswa kwa kukataa kuta lilifundisha kwa miongo kadhaa ndani ya kuta za rangi. Utetezi unaotolewa ni kwamba bila kukubali mpango wa serikali wasingeruhusiwa kufundisha yeyote, na huenda ni kweli. Hata hivyo, wazee waliosoma enzi hizo wanakumbuka nani alisoma wapi.

Limuru, kwa upande wake, ilifanya jambo ambalo mahali pengi halikuwa linafanyika: ilimpa msichana wa kijijini elimu ya sekondari. Wangari Maathai alisoma hapo kuanzia 1956 hadi 1959, miaka ya hali ya hatari. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza jinsi mwalimu wake wa sayansi, mtawa, alivyompa hamu ya somo hilo, na jinsi wengine walivyomwambia kwamba baada ya shule kazi za msichana ni mbili, ualimu au uuguzi. Hakutaka yoyote kati ya hizo. Mwaka 1960 alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Leo jina Loreto liko Limuru, Kiambu, Msongari, Valley Road, Mombasa na kwingine nchini Kenya. Baadhi ni shule za umma ambazo Kanisa ni mfadhili wake, baadhi ni za binafsi zenye karo ambayo si kila mzazi ataifikia, na hilo nalo ni swali ambalo wasikilizaji wetu hutuuliza: shule ya Saint-Omer ilifundisha bure, je, hizi? Masista wenyewe wana sehemu za kuonyesha wanapoulizwa hivyo. Mojawapo ni Rumbek, Sudan Kusini, ambako walifungua shule ya sekondari ya wasichana mwaka 2008, katika eneo ambalo msichana wengi humtazama kwa hesabu ya ng'ombe watakaolipwa mahari.

Mwanafunzi wa Loreto ukimuuliza anachofundishwa kuhusu Mary Ward, atakutajia maneno matano: uhuru, haki, unyofu, ukweli na furaha. Matatu ya kwanza yanatoka katika barua aliyomwandikia padre wake wa kiroho mwaka 1615. Unyofu, kwake, ulikuwa kuonekana jinsi ulivyo na kuwa jinsi unavyoonekana. Haki ilikuwa zaidi ya mahakama. Ilikuwa kumpa Mungu na jirani kile kinachowastahili. Na furaha hiyo siyo ya kuchekacheka. Mtu aliyewatania wenzake kwa maji ya limau akiwa kifungoni alijua anachokisema.

Mwaka 2004 tawi la Roma la masista hao, ambalo halikutumia jina la Loreto, lilichukua jina alilolitaka Mary tangu mwanzo, Shirika la Yesu, pamoja na katiba ya Kijesuiti aliyonyimwa. Tarehe 19 Desemba 2009 Papa Benedikto XVI aliidhinisha tamko kwamba Mary Ward aliziishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Ili atangazwe mwenyeheri, sasa unahitajika muujiza mmoja uliothibitishwa kwa maombezi yake.

Sahihisho letu tulilisoma hewani Ijumaa iliyofuata. Yule mama wa Limuru alipiga tena, safari hii kutusahihisha jinsi tunavyotamka Rathfarnham.